Ituri: Mchoraji wa kioo kijijini huhesabu siku za Noeli kwa kurudi nyuma

Noeli ni tarehe 25 Desemba, lakini kwa mtu anayechora juu ya kioo, Noeli huanza Septemba. Akingoja mpaka nyimbo za sikukuu zisikike redioni, rangi haitakauka, fremu hazitakuwa tayari, na moto inayoelekea mjini itaondoka na mizigo ya wengine.

Kazi yenyewe ni ndogo. Inataka kipande cha kioo cha dirisha, wino mweusi, makopo machache ya rangi ya mafuta, brashi mbili tatu, kartoni na mbao. Haitaki umeme wala mashine. Ndiyo maana katika nchi nyingi ilikuwa kazi ya watu wa vijijini, waliolima wakati wa kulima na kuchora wakati shamba limepumzika. Kwa sehemu kama Boga, kwenye usultani wa Bahema-Boga, teritwari ya Irumu, kiasi cha kilometa 100 kusini mwa Bunia, ni kazi ambayo kijana anaweza kuianza kwenye meza ya nyumbani.

Kuianza ni rahisi. Shida ni kuifikisha sokoni ikiwa nzima, na kurudi nyumbani na faida.

Mchoro unaoanzia mwisho

Anayechora juu ya karatasi au kitambaa huanza na sehemu za nyuma, yaani mbingu, milima na nyumba, kisha watu, na mwisho macho, midomo na vifungo vya nguo. Anayechora nyuma ya kioo hugeuza mambo yote. Mtazamaji ataangalia upande wa pili, kupitia kioo chenyewe. Kwa hiyo rangi inayotangulia kugusa kioo ndiyo atakayoiona mbele, na zote zinazofuata zitabaki nyuma yake.

Mchoraji hutangulia na mistari myembamba ya wino: nyusi, vidole, mikunjo ya nguo. Huacha wino ukauke, kisha hujaza rangi za nguo na ngozi. Hungoja tena. Mbingu na majani huja mwisho, nayo hufunika kila kitu. Akikosea jicho na kuligundua baada ya kupaka uso, hawezi kupaka juu yake kulisahihisha. Hukwangua rangi yote kwa wembe na kuanza tena.

Maandishi ni mtihani mwingine. Kila neno linaandikwa kinyumenyume, kama linavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Katika neno NOELI, herufi O na I hazibadiliki, lakini N, E na L lazima zigeuzwe. Njia iliyo rahisi ni kuandika kwanza juu ya karatasi nyembamba, kuigeuza karatasi mbele ya dirisha lenye mwanga, kufuata mistari inayoonekana upande wa nyuma, kisha kuilaza chini ya kioo na kuifuatisha. Karatasi hiyo hiyo hutumika mara nyingi. Kwa njia hiyo familia moja inaweza kutoa picha 20 za namna moja: mmoja anapiga mistari, mwingine anajaza rangi, wa tatu anatengeneza fremu.

Kabla ya yote, kioo huoshwa kwa sabuni, hukaushwa na kupanguswa kwa pombe kali. Alama ya kidole yenye mafuta inatosha kuzuia wino usishike. Makali ya kioo kilichokatwa husuguliwa juu ya jiwe lenye maji, ili kisimkate mchoraji wala mnunuzi.

Senegal na Romania: watakatifu kwenye kioo

Afrika, nchi inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Senegal. Wasenegali huiita suwer, neno lililotoka kwenye Kifaransa sous-verre. Mwanzoni mwa karne ya 20, picha za kidini zilizochapwa kwa mashine zilikuwa zinaingia humo kutoka nchi za Waarabu. Serikali ya kikoloni ya Wafaransa, wakati wa gavana William Ponty, iliogopa nguvu ya picha hizo na kuzizuia. Wachoraji wa hapo hapo walizinakili juu ya kioo, na watu wakaendelea kuzinunua.

Mmoja wa watu waliochorwa sana ni Cheikh Amadou Bamba, kiongozi wa Wamuridi, ambaye Wafaransa walimpeleka uhamishoni Gabon mwaka wa 1895. Wafuasi wake husimulia kwamba alipokatazwa kusali melini, alitandika mkeka wake juu ya maji ya bahari na kusali. Picha hiyo ya mtu mwenye nguo nyeupe juu ya mawimbi imetundikwa kwenye nyumba nyingi sana. Gora Mbengue na Mor Gueye ni kati ya wachoraji waliopata jina kwa kazi ya kioo. Baadaye Germaine Anta Gaye, mwanamke aliyesomea sanaa, aliiingiza katika maonyesho ya siku hizi.

Ulaya nako kazi hii iliwalisha wakulima. Huko Nicula, kijiji cha Transylvania ambayo leo ni sehemu ya Romania, ilisemwa mwaka wa 1699 kwamba picha ya Bikira Maria katika kanisa dogo la mbao ilitoa machozi. Mahujaji walikuja kwa wingi, na kila mmoja alitaka kurudi kwake na picha. Wakulima wa hapo walijifunza kuchora watakatifu nyuma ya kioo, wakauza kwa wahujaji na kutembeza kazi yao kutoka kijiji hadi kijiji. Picha zao hazikuwa za matajiri. Zilipangwa ukutani katika nyumba za watu maskini.

Senegal na Nicula zinafanana kwa jambo moja. Soko la kwanza halikuwa la wageni. Lilikuwa la jirani aliyetaka nyumbani kwake picha ya mtu anayemheshimu, kwa bei anayoiweza.

Boga nayo ina mtu wake

Wakaaji wa Boga hawahitaji kwenda mbali kutafuta mtu wa kuchora. Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda wa Kanisa la Anglikana, alifika Boga mwaka wa 1896 akitokea Toro, akivuka bonde la Semliki. Mwanzo wake ulikuwa mgumu: alichapwa, nyumba yake ilichomwa, na akarudishwa Toro kama mfungwa baada ya dada ya mfalme wa hapo, Tabaro, kufa kwa ajali ya mkuki. Alipoachiliwa alirudi. Alipewa upadri mwaka wa 1903, na katika miaka ya 1920, akiwa tayari mzee, aliingia msituni kufundisha Wambuti. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe kichwa kikielekea msituni upande wa magharibi, ambako kazi yake haikuwa imemalizika, wakati desturi ilikuwa kuelekeza maiti mashariki.

Maisha hayo yana picha za kutosha kwa mchoraji: mtu mmoja anavuka mto, mtu anafundisha kusoma chini ya mti, mzee anaingia msituni. Na kwa Noeli, hakuna anayemlazimisha mchoraji wa Ituri kuweka theluji. Yosefu anaweza kusimama kati ya migomba, Mariamu akavaa kitenge, na wachungaji wakawa na ng'ombe wenye pembe ndefu kama wale wa Wahema. Picha ya namna hiyo ndiyo itakayosimamisha mtu sokoni, kwa sababu ile ya theluji anaipata tayari kwenye kalenda zilizochapwa.

Uchoraji si kitu kigeni Ituri

Msitu wa Ituri una wachoraji wa muda mrefu. Kati ya Wambuti, wanaume hutoa gome la mti, hulipiga kwa nyundo mpaka lilainike kama kitambaa, na wanawake hulichora. Rangi nyeusi huitoa katika maji ya matunda ya mwituni yaliyochanganywa na mkaa. Mistari yao hukatika, huruka na kuanza upya, kama nyimbo zao. Magome hayo leo yako katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na vitabu vimeandikwa juu yake. Lakini kwa mengi kati ya hayo, jina la mama aliyechora halikuandikwa popote.

Jambo kama hilo lilikaribia kumpata Albert Lubaki. Alikuwa mchonga pembe za ndovu huko Bukama, Katanga, naye alichora kuta za nyumba. Mwaka wa 1926 Mbelgiji Georges Thiry aliona kuta hizo, akampa karatasi na rangi za maji. Kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka wa 1929 na Geneva mwaka wa 1930, huku mwenyewe akibaki Kongo. Katika miaka ya 1930 waliokuwa wakimpa karatasi na kuchukua kazi zake waliacha, na njia ya soko ikafungwa. Jina lake lilirudi kwa nguvu mwaka wa 2015 tu, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo mjini Paris.

Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichukua njia nyingine. Katika miaka ya 1970 alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kutembeza kazi yake mwenyewe, akiwauzia wafanyakazi na makarani wa mji picha za kutundika sebuleni: koloni la Wabelgiji, Mamba Muntu, Lumumba. Alimwelezea mtaalamu Johannes Fabian picha zaidi ya 100 za historia ya Zaire, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Lakini wateja wa wachoraji kama yeye walikuwa watu wa mishahara. Mishahara ilipopoteza nguvu, picha ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kuachwa.

Kwa hiyo mchoraji anayetegemea mnunuzi mmoja wa mbali yuko hatarini, na yule anayetegemea mfuko wa jirani peke yake yuko hatarini vilevile. Kwenye kioo kuna somo moja zaidi. Kwa kuwa kila kitu kinaanzia mwisho, jina la mchoraji ndilo linaloandikwa kwanza kabisa, kabla ya rangi yoyote. Anayelisahau hawezi kuliongeza mbele baadaye.

Hesabu ya kioo kimoja

Kioo cha dirisha cha mita moja ya mraba kinatoa vipande 15 vya sentimita 20 kwa 30. Hubaki ukanda wa sentimita 10, ambao hutoa vipande 10 vidogo vya mraba, vizuri kwa nyota, njiwa au mshumaa. Kioo chenye unene wa milimita 3 kina uzito wa kilo 7 na nusu kwa mita moja ya mraba. Hivyo picha moja ya 20 kwa 30 ina karibu gramu 450 bila fremu. Picha 30 ni kilo 13 na nusu za kioo peke yake, na ukiongeza fremu na sanduku, ni mzigo wa kufungwa vizuri nyuma ya pikipiki.

Upande wa pesa, chukua mfano wa hesabu, kila mtu aweke bei za soko lake. Ikiwa kioo, rangi, mbao, kartoni, safari na chakula cha mjini vinafika dola 120 kwa picha 30, kila picha imegharimu dola 4. Ikiuzwa dola 7, mchoraji anapaswa kuuza picha 18 ndipo pesa yake irudi. Kumi na saba za kwanza hazimpi hata franka moja. Akiuza zote 30, anabaki na dola 90. Tano zikivunjika njiani na 25 zikauzwa, anabaki na dola 55, kwa kazi ya zaidi ya miezi miwili.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanahesabu kioo kilichovunjika kama hasara ya dola 4. Hasara yake ni dola 7, kwa sababu rangi, siku na nafasi ndani ya sanduku vilikwisha kutumika. Kwa hiyo anayefunga vizuri anapata faida kuliko anayepandisha bei.

Kufunga kuna kanuni chache. Kioo husafiri kikiwa kimesimama wima, hakilazwi, kwa sababu kikilala kila shimo la barabara hukipinda katikati. Kati ya picha na picha huwekwa kartoni, na pembeni majani makavu ya migomba yaliyobanwa mpaka sanduku likitikiswa lisitoe sauti. Rangi ambayo haijakauka vizuri hushika kartoni na kubanduka nayo, hata kama kioo chenyewe hakikuvunjika.

Anayekosa pesa ya kioo kipya anaweza kuanza na kilichovunjika. Madirisha ya zamani, mitungi na chupa vinapakika. Nchini Kenya, karakana ya Kitengela Glass, iliyoanzishwa na Nani Croze karibu na Nairobi, ilijenga jina lake kwa kutumia vioo chakavu. Ila chupa au mtungi uliopakwa rangi ya mafuta ndani usiwekewe mshumaa, maana rangi hiyo hushika moto.

Kuhesabu kutoka Noeli kurudi nyuma

Dominika ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Kutoka hapo kuna dominika nne kabla ya Noeli, na viwanja vya parokia hujaa watu baada ya ibada. Mchoraji anayetaka kupata siku zote nne lazima awe na picha kavu, zenye fremu, kufikia mwisho wa Novemba.

Kwa hiyo rangi za nyuma zipakwe kabla ya katikati ya Novemba. Mistari na nyuso zifanywe Oktoba. Kioo na rangi vinunuliwe Septemba. Oktoba na Novemba ni miezi ya mvua, na unyevu huchelewesha rangi ya mafuta. Tabaka lililokauka kwa siku moja wakati wa jua linaweza kutaka siku kadhaa. Wakati wa kiangazi unapofika Desemba, kazi inapaswa kuwa imekwisha.

Ni miezi hiyo hiyo ambayo shamba linataka mikono na watoto wamerudi masomoni, na pesa ni kidogo nyumbani. Kuweka dola 120 ndani ya kioo mwezi wa Septemba, bila kujua kama barabara itapitika Desemba, si jambo dogo kwa familia ya kijijini.

Na barabara ina historia yake. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, mashambulizi yaliyohusishwa na waasi wa ADF huko Boga na Tchabi yaliua watu zaidi ya 50, na maelfu wakakimbia. Ilikuwa wiki chache tu baada ya Ituri na Kivu Kaskazini kuwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, tarehe 6 Mei. Anayefanya biashara sehemu hizo hajiulizi tu bei ya safari. Anauliza nani alipita jana, na alipita salama?

Kuna njia ya kupunguza hatari. Watu watano wakipeleka picha sita kila mmoja, safari ni moja, chakula cha mjini ni cha mtu mmoja, na hasara ikitokea haiangushi nyumba moja. Picha pia zinaweza kupelekwa kwa mafungu mawili, ili pesa ya fungu la kwanza ilipie safari ya pili. Na si lazima zote zitoke Boga: harusi, ubatizo na nyumba mpya za hapo hapo zinataka zawadi, na picha isiyosafiri haivunjiki.

Zinazobaki Januari

Hata mwenye bahati hurudi na picha chache. Ile iliyoandikwa NOELI NJEMA kwa herufi kubwa haina mnunuzi Januari. Itangoja miezi 11 mingine, ikila vumbi. Ndiyo sababu ni vizuri maandishi ya Noeli yawekwe kwenye nusu tu ya vioo, au yaandikwe kwenye kikaratasi kinachobandikwa juu ya fremu na kubanduliwa baada ya sikukuu.

Ng'ombe kati ya migomba, mama na mtoto, mto Semliki wakati wa jioni: hizo zinauzika Pasaka, zinauzika kwenye harusi za Agosti. Na picha ya mzee Apolo akiingia msituni ina siku yake mwenyewe. Waanglikana humkumbuka kila tarehe 30 Mei, na kwa siku hiyo, kioo kinapaswa kukatwa Februari.